Barua ya Wazi kwa Shirikisho la Riadha Tanzania Kuhusu Kipimo cha Jeni ya SRY na Mabinti Wanaokimbia Arusha

Kwa uongozi wa Shirikisho la Riadha Tanzania (RT), pamoja na makocha na walezi wa wakimbiaji wanaofanya mazoezi katika Jiji la Arusha na kwenye miteremko ya Mlima Meru.

YAH: MASHARTI YANAYOPASWA KUTANGULIA UPIMAJI WA JENI YA SRY

Waheshimiwa viongozi,

Tangu tarehe 1 Septemba 2025, mwanariadha anayetaka kushindana upande wa wanawake katika mashindano ya dunia anatakiwa awe amepimwa, mara moja tu katika maisha yake, ili ijulikane kama mwilini mwake imo jeni iitwayo SRY. Shirikisho la Riadha la Dunia, lenye makao yake Monaco, limeyakabidhi mashirikisho ya nchi kazi ya kusimamia upimaji huo, likiahidi kuchangia hadi dola 100 za Marekani kwa kila kipimo, na kwa hiyo jambo ambalo zamani lilifanywa na madaktari wa kigeni katika viwanja vya mbali sasa liko mikononi mwa RT yenyewe. Barua hii haipingi kuwepo kwa mashindano ya wanawake peke yao, wala haichukulii haki uwanjani kuwa jambo dogo. Inachodai ni kwamba kipimo hiki kinajibu swali finyu kuliko wengi wanavyodhani, kwamba jibu lake linaweza kumfunulia binti wa miaka 17 jambo la mwili wake ambalo hata mama yake mzazi halijui, na kwamba kwa sababu hizo asipimwe binti yeyote wa Arusha kabla RT haijaandika na kutangaza masharti ya kumlinda.

Arusha inatajwa hapa kwa sababu ndiko kunakohusika zaidi. Jiji liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na juu yake umesimama Mlima Meru wenye mita zaidi ya 4,500, hivyo mkimbiaji anayeishi hapa huzoeza mapafu na damu yake katika hewa nyepesi bila kulazimika kusafiri nje ya nchi. Vijana hutoka Mbulu, Hanang, Karatu na Singida kuja kutafuta kambi. Alphonce Simbu, aliyeipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha, kwenye marathoni ya Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, ni miongoni mwa walioandaliwa katika mazingira haya. Wasichana wengi huonekana kwanza katika michezo ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, kisha huchukuliwa wakiwa bado wadogo, wakawa mbali na wazazi, wakimtegemea kocha kwa chakula, kwa viatu na kwa mahali pa kulala. Binti wa namna hiyo akiambiwa na kocha wake kwamba afungue kinywa ili apitishwe kijiti chenye pamba ndani ya shavu, hatauliza kijiti hicho kinakwenda wapi, na akiulizwa kama anakubali, atajibu ndiyo, kwa kuwa hajawahi kumjibu kocha hapana.

Ili masharti yatakayopendekezwa yaeleweke, ni lazima kwanza ielezwe SRY ni nini na inafanya nini. Kiinitete, yaani mtoto wa tumboni katika wiki zake za mwanzo, hakionyeshi tofauti ya mume na mke hadi kuelekea wiki ya 6 au ya 7. Kina jozi ya tezi zinazoweza kuwa korodani au ovari, na kina mifereji ya aina zote mbili, ule unaoweza kuwa mfuko wa uzazi na mirija yake, na ule unaoweza kuwa njia ya mbegu za kiume. Kromosomu ni nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya kila seli, na kwa kawaida mwanamke ana kromosomu mbili za X ilhali mwanamume ana X moja na Y moja. Kwenye mkono mfupi wa kromosomu Y ndiko iliko jeni ya SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990 na kundi la watafiti waliokuwa London, miongoni mwao Andrew Sinclair na Peter Goodfellow. Kazi yake ni kuamsha jeni nyingine, hasa ile iitwayo SOX9, na kwa amri hiyo tezi zile za awali hugeuka korodani.

Hapo kazi ya SRY huishia, lakini kazi ya mwili ndiyo kwanza huanza. Korodani hutoa homoni ya kwanza inayoufanya mfereji wa mfuko wa uzazi unywee, na homoni ya pili, testosteroni, ambayo hujenga njia ya mbegu. Testosteroni hiyo nayo hugeuzwa na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, ikawa homoni kali zaidi iitwayo dihidrotestosteroni, ambayo ndiyo hujenga sehemu za siri za nje za mtoto wa kiume. Hata hivyo homoni hizi mbili za mwisho hazifai kitu pasipo kipokezi, yaani protini ya ndani ya seli inayoipokea homoni na kuutekeleza ujumbe wake, na jeni ya kipokezi hicho haiko kwenye Y kabisa, bali iko kwenye X. Aliyekuta kiberiti jikoni hajathibitisha kwamba chakula kimeiva. Hali kadhalika, aliyekuta SRY katika ute wa shavu hajathibitisha kwamba mwili uliandaliwa kwa testosteroni.

Ndiyo maana wapo wanawake wenye kromosomu X na Y, wenye SRY iliyo kamili, wenye korodani zilizojificha tumboni zinazotoa testosteroni kwa wingi, ambao seli zao hazina kipokezi kinachofanya kazi. Hali hii huitwa kutohisi androjeni kikamilifu, androjeni zikiwa ni homoni za kundi la testosteroni. Mtu wa namna hiyo huzaliwa na umbo la kike, hulelewa kama msichana, huota matiti anapobalehe, na mara nyingi hugundua tofauti yake pale tu hedhi inapokosa kuja. Wapo wengine ambao SRY yao ina kasoro au amri yake haikufuatwa, wakabaki na tezi zisizokua kuwa korodani wala ovari, lakini wakawa na mfuko wa uzazi. Na wapo ambao kimeng'enya cha kugeuza testosteroni kina hitilafu, wakazaliwa na umbo linalofanana na la kike kisha wakapata mabadiliko ya kiume wakati wa balehe. Kinyume chake pia kipo, kwani kuna wanaume wenye kromosomu X mbili ambao kipande chenye SRY kilihamia kwenye X ya baba wakati mbegu inatengenezwa. Na tena kuna watu wenye tishu za ovari na za korodani kwa pamoja, na katika ripoti za kitabibu kutoka kusini mwa Afrika, ambako hali hii imechunguzwa tangu miaka ya 1970, wengi wao wameonekana kuwa na kromosomu XX bila Y yoyote. Watu hawa wote Waswahili wamezoea kuwaita huntha au watu wenye jinsia mbili, ingawa wengi wao wana jinsia moja tu wanayoijua na kuiishi, na tofauti zao hazifanani hata kidogo. Shirikisho la dunia lenyewe linakiri jambo hili katika kanuni zake, maana linawaruhusu kushindana wanawake wenye hali ya kutohisi androjeni kikamilifu hata kama kipimo cha SRY kimewaonyesha kuwa nayo. Kwa hiyo jibu la kwanza la maabara haliwezi kuwa hukumu, na kanuni zinahitaji uchunguzi wa daktari baada yake. Swali ni nani atamfanyia uchunguzi huo binti wa Ngaramtoni au Usa River, na kwa gharama ya nani.

Lipo tatizo jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo ni la ukimera. Kimera, katika lugha ya elimu ya viumbe, ni mtu mmoja ambaye mwili wake umejengwa na seli zenye asili ya mimba mbili tofauti. Mwaka 1953, katika kituo cha damu cha Sheffield, Uingereza, mtaalamu aliyekuwa akipima damu ya mwanamke mmoja mchangiaji aliona jambo lisilo la kawaida. Kwa kawaida dawa ya kutambua kundi A ikidondoshewa damu, ama seli nyekundu zote hugandamana vijidonge, ama zote hubaki zikielea. Katika damu ya mwanamke huyo baadhi ziligandamana na nyingine zikaelea, kana kwamba damu za watu wawili zimechanganywa katika chupa moja. Alipoulizwa kama aliwahi kuzaliwa pacha, alisema ndiyo, alikuwa na ndugu wa kiume aliyekufa akiwa na miezi 3, miaka 25 kabla ya siku hiyo. Kumbe mishipa ya damu ya mapacha wale iliungana katika kondo la nyuma walipokuwa tumboni, seli zinazozaa damu zikavuka kutoka kwa kaka kwenda kwa dada, zikaweka makazi katika mifupa yake, na robo karne baadaye zilikuwa bado zinatengeneza damu ya marehemu. Mwanamke wa namna hiyo, akipimwa SRY leo, anaweza kabisa kuonekana anayo, na jeni hiyo isiwe yake, iwe ya kaka yake.

Wafugaji wa ng'ombe wanaozunguka Meru hawatashangazwa na sehemu ya habari hii, kwa kuwa ndama jike anayezaliwa pacha na ndama dume mara nyingi sana hubaki tasa, na sababu, iliyoelezwa na Frank Lillie wa Marekani mwaka 1916, ni huku kuungana kwa mishipa ya damu ambako kwa ng'ombe hutokea takriban kila mara. Kwa binadamu hutokea kwa nadra zaidi, wala msichana aliyezaliwa pacha na mvulana hawi tasa kwa sababu hiyo. Lakini watafiti wa Uholanzi waliotumia njia nyeti za kupima damu walichapisha mwaka 1996 kwamba walikuta alama za seli za mwenzake, hata kama ni chache mno, katika asilimia 8 ya jozi za mapacha waliowachunguza na katika asilimia 21 ya seti za watoto watatu. Mwaka huo huo Diana Bianchi na wenzake walionyesha kwamba seli za mtoto wa kiume zinaweza kubaki katika damu ya mama aliyemzaa kwa miaka hadi 27. Wakimbiaji wa marathoni walio mama ni wengi, na kipimo cha kisasa, ambacho hunakili kipande cha vinasaba mara mamilioni hadi kionekane, kina uwezo wa kunasa chembe kidogo sana, zikiwemo za mtaalamu wa kiume aliyeshika sampuli bila uangalifu.

Aina ya pili ya ukimera ni ya ndani zaidi. Mayai mawili yaliyorutubishwa na mbegu mbili, ambayo yangekuwa mapacha wasiofanana, huungana katika siku za mwanzo yakawa kiinitete kimoja, na mtu anayezaliwa huwa na seli za aina mbili zilizosambaa katika viungo vyake. Mwaka 1962 Stanley Gartler na wenzake, huko Seattle, Marekani, walieleza habari za mtoto mwenye seli za XX na za XY kwa pamoja, aliyekuwa na macho ya rangi mbili na tishu za ovari na korodani mwilini. Wengi wa watu hawa hawana dalili yoyote inayoonekana, na hufa bila kujua. Mtu mwingine mwenye seli za aina mbili, Foekje Dillema wa Uholanzi, alijua sehemu tu ya hali yake, tena kwa njia mbaya kuliko zote. Mwaka 1950 mkimbiaji huyu alikuwa ameweka rekodi ya taifa ya mita 200 ya sekunde 24.1, na mwezi Julai mwaka huo chama cha riadha cha nchi yake kilimfukuza kwa sababu za jinsia, kikaifuta rekodi, naye akarudi kijijini kwao Burum. Alikufa mwaka 2007, na watafiti waliochukua seli za ngozi kutoka kwenye nguo zake walichapisha mwaka 2012 kwamba alikuwa na seli za XX na za XY kwa viwango vinavyokaribiana. Alikuwa amelelewa kama msichana, ameishi kama mwanamke, na wala hakuna aliyewahi kumwelezea mwili wake hadi alipokwisha kuzikwa.

Hapa ndipo mahali ambapo RT inahitaji ushauri wa kitaalamu kuliko popote, maana kosa lake ni rahisi kufanyika. Kanuni zinaruhusu sampuli ya damu au ya ute wa shavu. Mtu anaweza kudhani kwamba sampuli ya damu ikionyesha SRY, basi ya shavu itatosha kuithibitisha au kuikanusha. Lakini ute wa shavu una seli nyeupe za damu ndani yake, hivyo mtu ambaye ukimera wake ni wa damu peke yake anaweza kuonyesha jibu lile lile mara zote mbili. Sampuli ya kuthibitisha inapaswa kutoka katika tishu nyingine, kama vile mzizi wa nywele au ngozi, na badala ya kuuliza tu kama SRY ipo au haipo, maabara ihesabu kromosomu katika seli nyingi, moja baada ya nyingine, ili ijulikane ni sehemu gani ya seli zina Y. Jambo hili ni la nadra, na huenda halitatokea kwa mkimbiaji hata mmoja wa Arusha katika muongo mzima. Lakini kipimo ambacho binti hufanyiwa mara moja tu maishani hakiwezi kuachwa bila njia ya kukisahihisha.

Historia ya vipimo vya aina hii inajulikana vizuri, na haiwapendelei wanaovitumia. Maria José Martínez-Patiño, mruka viunzi wa Hispania, alipimwa Kobe mwaka 1985, akakutwa na kromosomu Y, akashauriwa ajifanye ameumia ili aondoke kimyakimya. Mwaka uliofuata alipokataa kujiondoa katika mashindano ya nchi yake, habari zake zikavuja magazetini. Alinyang'anywa ufadhili wa masomo, rekodi zake zikafutwa na mchumba wake akamwacha, ingawa mwili wake haukuwa na uwezo wa kuitumia testosteroni hata kidogo. Alirudishiwa haki ya kukimbia mwaka 1988 kwa msaada wa wataalamu wa vinasaba, baada ya miaka yake bora kupita. Katika Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996 wanawake 3,387 walipimwa, 8 wakakutwa na SRY, na wote 8 wakaruhusiwa kushindana baada ya kuchunguzwa na madaktari. Miaka 3 baadaye Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iliuacha upimaji huo wa jumla. Andrew Sinclair mwenyewe, mmoja wa walioigundua jeni hiyo, alipoona mwaka 2025 kwamba kipimo kinarejeshwa, aliandika hadharani kwamba hakifai kutumiwa kuamua jinsia ya mtu. Neno la mgunduzi si sheria, lakini linapaswa kuwazuia wengine wasizungumze kana kwamba sayansi imekwisha kufunga mjadala.

Afrika Mashariki imekwisha kulipa sehemu yake. Washindi wote watatu wa medali za mita 800 za wanawake katika Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016, yaani Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya, walizuiwa na kanuni za mwaka 2018 kukimbia mbio zao isipokuwa wakubali kupunguza testosteroni kwa dawa. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, Wambui akapotea uwanjani. Annet Negesa wa Uganda aliondolewa katika maandalizi ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012, akafanyiwa upasuaji Kampala, na mwaka 2019 akaeleza hadharani kwamba hakuwa ameelezwa vya kutosha kile alichofanyiwa na kwamba afya yake haikurudi kama ilivyokuwa. Shirikisho la dunia limekana kuhusika na upasuaji huo. Ni vyema kila kocha wa Arusha aisome habari ya Negesa kwa makini, maana inaonyesha jinsi madhara makubwa yanavyoweza kutokea bila mtu yeyote kukubali kwamba ndiye aliyeamua.

Tanzania haianzi mikono mitupu. Ipo sheria ya mwaka 2009 ya udhibiti wa teknolojia ya vinasaba vya binadamu, inayosimamia jinsi sampuli za vinasaba zinavyochukuliwa, zinavyosafirishwa, zinavyohifadhiwa na zinavyoteketezwa, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya kanda Arusha, ndiyo yenye ujuzi wa kazi hiyo. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inaziweka taarifa za vinasaba na taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na kutaka maslahi yake yatangulie. Kenya imekwenda mbele zaidi, kwa kuwa Mahakama Kuu ya Nairobi iliiagiza serikali mwaka 2014 kuweka utaratibu kuhusu watoto huntha, sensa ya mwaka 2019 ikawahesabu watu 1,524 wa hali hiyo, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawataja kwa jina na kuwapa haki ya kuheshimiwa na kutibiwa. Hata hivyo sheria za Tanzania zilizokwisha kuwepo zinatosha kabisa kwa RT kuanzia, zikichukuliwa kwa uzito wake.

Sharti la kwanza, na lenye uzito kuliko yote, ni kwamba kipimo kisivuke mipaka ya kile kinachodaiwa na mashindano ya dunia. Kisiingizwe katika UMISSETA, kisiwe sharti la kujiunga na kambi, kisitumiwe kwenye mashindano ya mkoa katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, wala asiruhusiwe kocha yeyote kumpima binti kwa sababu sauti yake ni nzito, kifua chake ni bapa, au mshindani wake amelalamika. Shuku ya macho ndiyo iliyowaumiza wengi, na huwaangukia zaidi wasichana warefu na wembamba wasiofanana na picha ya uzuri iliyo kichwani mwa mtazamaji.

Pili, kabla ya kijiti kugusa shavu, binti na mzazi wake, kwa lugha wanayoielewa, iwe Kiswahili, Kiiraqw, Kimeru au Kimaasai, waelezwe na mtu ambaye si kocha kwamba jibu linaweza kuwa la kushtua, kwamba linaweza kugusa uwezo wa kuzaa, na kwamba wana haki ya kukataa na kubaki kambini wakiendelea na mbio za nchini. Jibu likitoka kuwa SRY ipo, alipokee kutoka kwa daktari, faraghani, pamoja na miadi ya bingwa wa homoni na wa magonjwa ya wanawake katika hospitali ya rufaa kama KCMC ya Moshi au Muhimbili, huku gharama zikiwa za Shirikisho. Hili si jambo la huruma tu, maana baadhi ya hali zilizoelezwa hapo juu, hasa ile ya tezi zisizokua, huambatana na hatari ya uvimbe wa saratani, na binti aliyegunduliwa mapema na kutibiwa kwa hiari yake anaweza kuokolewa maisha. Lakini upasuaji au dawa visitajwe kamwe kama bei ya kurudi uwanjani, na asiwepo kiongozi wa michezo katika chumba kinachojadili matibabu.

Tatu, yahusu usiri, na hapa usiri wa bahasha iliyofungwa hautoshi. Orodha ya timu ya taifa ikibandikwa ukutani, jina linalokosekana husomwa na kila mtu kwa sauti kuliko majina yaliyopo. Mkimbiaji aliyeshinda majaribio wiki iliyopita akiachwa bila maelezo, jioni hiyo hiyo simu za kambi nzima zitakuwa zimekwisha kumhukumu, na habari itafika kijijini kabla yake. Njia pekee ya kuzuia hali hiyo ni upimaji kufanyika mapema sana, miezi mingi kabla ya majaribio ya timu, kwa wale wote waliofikia kiwango na kukubali, ili anayehitaji muda wa uchunguzi aupate bila pengo lake kuonekana. Majibu yawe mikononi mwa daktari mmoja aliyeapishwa, na katibu wa Shirikisho apokee neno moja tu, anastahili au bado, bila sababu. Sampuli ikishatumika iteketezwe, na hati ya kuteketezwa apewe mwenye mwili.

Nne, rufaa. Kila jibu la SRY lipimwe upya kwa sampuli mpya na katika tishu nyingine, kwa utaratibu ulioelezwa juu kuhusu ukimera, kabla halijapelekwa Monaco. Jambo hili haliwezi kuachiwa mahakama, ingawa Arusha ni mji wa mahakama. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitisha azimio namba 552 mwaka 2023 la kulinda haki za watu huntha barani, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inakaa katika jiji hili hili. Lakini Tanzania ilijiondoa katika tamko linalowaruhusu wananchi kuifikia moja kwa moja, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Migogoro dhidi ya shirikisho la dunia huenda katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo huko Lausanne, Uswisi, na Semenya, aliyekuwa na mawakili na umaarufu wa bingwa wa Olimpiki, alihangaika tangu mwaka 2018 hadi Julai 2025 ndipo Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema kwamba kesi yake haikusikilizwa kwa haki huko Uswisi. Binti wa miaka 17 kutoka Mbulu hana miaka 7 ya kungoja wala nauli ya Lausanne. Mlango anaoweza kuubisha ni wa RT peke yake, na kwa sababu hiyo RT inaombwa iunde jopo la rufaa la madaktari na mwanasheria wasiokuwa viongozi wa riadha, na itangaze masharti haya kwa maandishi kabla ya majina ya kambi ijayo ya taifa kuitwa.

Nakala:
Baraza la Michezo la Taifa
Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi
Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Kaskazini, Arusha